Nyota Niliyoifumua

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana hapa nilipo nina mti wa Krismasi sebuleni na mtoto asiyetaka hata kuutazama, na chanzo ni mimi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sebule ndiyo ofisi, wateja wanapimwa hapohapo karibu na mti, na mwaka huu nikasema hatununui mapambo, tutatengeneza wenyewe kwa vitambaa vinavyobaki, basi nikakaa mezani na wanangu wawili, mdogo akagandisha vifuniko vya chupa kwa gundi mpaka na vidole vyake vikagandana, na dada yake wa miaka saba akashona nyota kwa mkono wake mwenyewe, ya kwanza maishani mwake, akaijaza pamba, akaitundika mbele kabisa.

Nisikufiche, ile nyota ilikuwa kituko, pembe moja nene kama kidole kilichovimba, nyingine bapa, uzi mwekundu kwenye kitambaa cha bluu umekwenda kombo, na kila mteja akiingia naona kama anaitazama hiyo tu, na mimi mshono ukienda upande mkono unaniwasha, halafu mama mkwe alikuwa anakuja na macho ya mama mkwe unayajua, basi watoto walipokwenda shule nikachukua wembe nikaifumua yote, nikaishona upya kwa cherehani, nikairudisha palepale, nikajiona nimemsaidia.

Mama mkwe alipofika akaishika. "Hee! Mjukuu wangu, umeshona wewe hii? Una mikono ya dhahabu!"

Binti akaigeuza nyuma, akautazama ule mshono wa cherehani, akasema taratibu, "Hiyo siyo yangu, bibi. Yangu ilikuwa mbaya, mama akaifumua."

Mimi nikajifanya natafuta futi yangu ya kupimia. Tangu hapo nikimwita mezani ananijibu, "Shona tu wewe, mama, wewe ndiye unayejua," na huyu ndiye aliyekuwa habanduki miguuni pa cherehani, anaokota vipande anashonea mwanasesere wake. Nimemwahidi nyota ya dukani inayowaka taa, kakataa. Baba yao anasema atasahau, watoto ni watoto. Mimi naumia, mshauri. Nimemharibu mwanangu? Nifanye nini arudi?

Fundi, Mama wa Wawili

*

Fundi, pole. Lakini pole yangu nimeigawa, nusu kubwa nampa binti yako.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema umpitishie wembe! Mtoto wa miaka saba kamaliza pembe zote za nyota bila kukuita, wewe ukaona uzi tu. Nguo yako ya kwanza kushona aliivaa nani? Nijibu kimoyomoyo.

Mumeo namheshimu ila hapa kakosea, hatasahau. Kilichomuuma ni kusifiwa mbele ya bibi yake kwa kazi isiyo yake. Akasema ukweli, na wewe mtu mzima ukanyamaza. Hujamharibu. Ana msimamo kukushinda.

Sasa fanya hivi. Habari ya taa achana nayo. Chukua wembe uleule, keti naye, ifumue nyota yako mbele ya macho yake, na umwambie, "Nilikosea. Ilikuwa yako na sikukuomba." Usiongeze "lakini". Kisha weka vipande, pamba, sindano na uzi mwekundu pale mezani, urudi kwenye cherehani yako. Usimwite, usimbembeleze, na akivigusa usigeuke kutazama. Krismasi ikifika hajavigusa, ile nafasi mbele ya mti ibaki wazi, usiijaze na chochote chako.

Akiishona, itapinda tena. Itundike mbele. Mteja akiuliza nani kashona, sema "Binti yangu" na ukomee hapo. Wateja wako wanakuja kupimwa wao, hawaji kumpima mtoto wako.

Na mkono ukikuwasha, ukalie.