Nilikwenda Pangoni Kumpeleleza Kaka Yangu

Githongo, Jumamosi, katikati ya Novemba

Mvua ya rasharasha tangu alfajiri. Ni ile isiyokuzuia kutoka lakini inakurudisha nyumbani umelowa. Nimefunga duka saa sita mchana na kuwaambia wateja kichwa kinaniuma. Hakiumi.

Kuna jambo nimelifanya wiki hii ambalo sina wa kumweleza hapa kijijini, kwa hivyo naliandika.

Nilikwenda Pwani kumpeleleza kaka yangu.

Mwenda alirudi nyumbani miaka miwili iliyopita, baada ya kukaa Pwani miaka tisa. Alirudi na begi moja na mguu wa kulia usiokunjika vizuri. Alituambia kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika pango lililo ufuoni, upande wa kusini, na kwamba siku moja bahari ilijaa humo ndani, akaumia akiwatoa watu. Mama alilia, akamshukuru Mungu, akachinja kuku. Mimi nilibaki nikimtazama usoni.

Ninauza mbegu na dawa za mifugo. Kazi hii imeniharibu masikio. Mtu anakuja ananiambia ng'ombe wake ameacha kula tangu jana, nami namwangalia tu najua ni wiki nzima, ila anaona haya kusema. Mwenda alisimulia hivyo hivyo. Akifika pale kwenye "nikawatoa", anaomba apitishiwe chumvi.

Sokoni walisema alikuwa jela. Wengine walisema alipigwa na watu kwa wizi. Sikuwabishia. Kusema kweli, niliamini ile ya jela, kwa sababu angalau hiyo niliielewa. Sisi tunajua mito na maporomoko. Pango ambalo bahari inaingia na kutoka kila siku, kwangu lilikuwa hadithi ya mtu anayetafuta pa kujificha.

Ningenyamaza mpaka leo. Lakini mwezi uliopita vijana wa kanisa waliamua kwenda Pwani Desemba, wakamchagua Mwenda awaongoze. Ameshawasimulia habari za hilo pango mpaka wote wanataka kuliingia. Binti yangu Makena, wa miaka kumi na sita, ameandikisha jina.

Nikamwuliza Mwenda, "Huko ndani ni salama?"

"Inategemea siku."

"Inategemea nini?"

Akainuka, akasema anaenda kuangalia mbuzi kama wamefungwa. Walikuwa wamefungwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafunga, na yeye alikuwa ananiona.

Jumatatu nikamwambia Mama nina semina Nairobi, nikapanda basi la Mombasa.

Pango linatunzwa na wanakijiji wenyewe. Msimamizi ni mzee anaitwa Salim, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Sikumwambia mimi ni nani. Tulishuka kwa ngazi za mbao mpaka kwenye ukumbi wa mawe ya matumbawe, popo wakining'inia juu yetu. Huko mwisho kulikuwa na ukumbi wa pili, na njia ya kuufikia ni uwazi mfupi, unapita umeinama. Ng'ambo yake niliona mwanga wa kijani. Ndipo bahari inapoingilia.

Salim alinieleza kwamba zamani wenyeji walikimbilia humo kuwakwepa wafanyabiashara waliokuwa wakikamata watu na kuwauza utumwani. Baadaye wale wale wafanyabiashara wakalijua pango, wakawa wanawafungia humo waliowakamata, wakingoja vyombo vya kuwasafirisha. Alinionyesha kipande cha chuma kilichopigiliwa ukutani, kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa kama kijiti. Nilimwuliza anajuaje. Akasema aliambiwa na babu yake. Moyoni nikasema, huyu hana ushahidi. Lakini nilikigusa kile chuma, halafu nikajifuta mkono kwenye sketi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha akanionyesha alama mbili ukutani. Moja ilikuwa usawa wa magoti. "Hapa ni siku za kawaida." Ya pili ilikuwa juu ya kichwa changu. "Na hapa ni siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi."

"Si mtu anayaona maji yakija, akatoka?"

"Hayaji kama mto wenu wa bara, mama. Yanakuja yanarudi, yanakuja yanarudi, unadhani yanacheza. Ukija kushtuka, ule uwazi uliopitia umeshajaa."

Nikamwuliza kama kuna mtu amewahi kufia humo.

Alinitazama usoni. "Mmoja. Mwalimu, aliitwa Zaituni."

Akanisimulia kwamba alikuwepo kijana wa bara, Mwenda, mtembezaji hodari. Siku hiyo aliingia na wageni wanne. Upepo ulibadilika ghafla, maji yakapanda kabla ya wakati wake. Mwenda aliwatoa watatu. Akamrudia wa nne, wimbi likambamiza mwambani, mguu ukavunjika. Zaituni alipatikana maji yalipokupwa.

"Kosa lilikuwa la nani?" nikauliza.

"La bahari," akasema Salim. "Ni bahari tu."

Basi kaka yangu hakuwa jela. Aliwatoa watu kweli. Ningepaswa kulia kwa furaha ndani ya basi, na badala yake nikakaa dirishani nikitafuna jambo moja. Kama kosa ni la bahari, kwa nini Mwenda amemficha huyu mama? Miaka miwili, mezani kwetu, hajamtaja hata mara moja.

Mtu hafichi maiti isiyo yake.

Leo nilipofunga duka nilikwenda moja kwa moja shambani. Mwenda alikuwa anachuma kahawa mvuani, amejifunika gunia. Nikachukua kikapu, nikaanza mti wa pili.

"Semina ilikuwaje?" akauliza bila kugeuka.

"Nzuri."

"Waliwafundisha habari za maji kujaa na kupwa?"

Mikono yangu ilisimama.

"Salim alinipigia simu," akasema. "Ati amekuja mama mmoja ana kipaji cha uso kama changu, anauliza maswali kama askari. Kwa nini hukuniuliza mimi, Kendi?"

"Nilikuuliza. Ukaenda kwa mbuzi."

Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Akaweka kikapu chini. "Alikuambia nini?"

Nikamweleza yote, mpaka ule upepo uliobadilika. Hapo akatikisa kichwa.

"Upepo haukubadilika. Maji yalikuja saa yake ileile. Salim alisimama pale juu ya ngazi akaniambia, leo ni bamvua, usishuke na watu. Wageni walikuwa wamechelewa, wametoka mbali, wakanibembeleza. Nikasema dakika kumi tu. Nilitaka waone mimi nalijua pango kuliko yule mzee." Alikuwa anaongea na mti wa kahawa, si na mimi. "Zaituni hakutaka kupita ule uwazi. Nilimshika mkono nikamwambia asiogope."

Nikauliza swali la askari kweli. "Na polisi walipokuja?"

"Salim aliwaambia kama alivyokuambia wewe. Nami nikanyamaza."

"Kwa hivyo ungewapeleka hawa watoto pale? Ungempeleka Makena?"

"Sikuwa nimesema nitawaingiza."

"Hukusema hutawaingiza!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akainua kichwa juu ya ua. Mwenda hakujitetea. Alisema kila alipoanza kuwasimulia vijana, alikuwa anataka afike mpaka kwa Zaituni. Anaanza na popo, anaanza na kile chuma ukutani, wanasisimka, wanauliza, na anajikuta amemaliza bila kumtaja.

Tukaenda jikoni kwa Mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Mwenda alikaa kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha, akamwambia yote kwa Kimeru, polepole, na safari hii hakuomba chumvi wala maji. Niliona mikono ya Mama ikiendelea kutafuta mawe kwenye ungo hata baada ya macho yake kuacha kuangalia.

"Ana watoto?" Mama akauliza.

"Wawili."

"Wanajua?"

"Wanajua alivyosema Salim."

Mama alimwaga mawe nje mlangoni, akarudi, akakaa. "Basi utaenda kwao. Kabla ya Krismasi." Halafu akanigeukia. "Na wewe unayejua kwenda Nairobi mpaka Mombasa, utamsindikiza."

Sikujua kwamba anajua. Sikuthubutu kuuliza amejuaje.

Mwenda amesema kesho baada ya ibada atawaambia vijana habari yote, pamoja na jina la Zaituni, na wakitaka mtu mwingine wa kuwaongoza wamchague. Amekunywa chai yake akarudi kumalizia mstari wa kahawa aliouacha.

Nimekaa hapa naandika, na kitu kimoja kinanichoma. Huko Pwani nilishuku kila nilichoonyeshwa: chuma, alama, hata babu wa Salim. Yale yalikuwa kweli, angalau nadhani. Uongo ulikuwa mmoja tu, ule wa upepo, na nikaumeza mzima kwa sababu ulisemwa kwa sauti ya chini na mzee mpole. Nilimwamini mtu niliyemjua kwa saa mbili. Nikamshuku niliyenyonya naye ziwa moja. Na bado kumshuku huko ndiko kulikomtoa Zaituni hadharani, kwa hivyo siwezi hata kujuta sawasawa.

Nimekubali kwenda naye kwa watoto wa marehemu. Lakini hata nilipokuwa namwitikia Mama, moyoni nilikuwa nahesabu: je, mbele ya wale watoto atasema alimshika mama yao mkono, au ataliruka hilo? Nimepanga nitakaa upande gani ili nimwone uso.

Kaka yangu amejifunua leo mbele ya mama yake, nami bado namvizia. Ni yeye ambaye hajamaliza kusema, au ni mimi nisiyejua tena kusikia?