Usiku Mumoja Kati ya Kalemie na Lubumbashi

Baraka, tarehe 9 juin

Baba Ketsia,

Unisamehe kwa kukawia kuandika. Ketsia alishikwa na malaria, na mudogo wake ananyonya usiku kucha. Sasa bote banakula vizuri. Kwa simu ya jirani yetu Mama Solange sikutaka kukupigia, juu yeye anasikilizaka kila neno.

Uliniambia ulipanda ndege Kalemie siku ya tano asubuhi, ukafika Lubumbashi siku ya sita, juu iko mbali sana na mulilala njiani. Nikakuonea huruma. Jana Pasta Élie alirudi kutoka kule na ndege ya njia ileile. Nikamuuliza balilala wapi. Akacheka: "Mama Ketsia, ni kilometa mia sita na kitu. Saa moja na nusu tu, hata usingizi haukunikamata." Nami nikacheka naye, juu niliona haya.

Baba Ketsia, ulinipimia ndege na kipimo ya boti ya Kazimia, ile inalalaka njiani, juu unajua mi sijapanda kingine. Ule usiku ulilala kwa nani? Tiketi zetu usilipe kwanza. Siwezi kuleta batoto kule mbele ya kujua.

Ni mi bibi yako Pulchérie, ningali nakupenda. Utume maziwa ya mutoto, viatu vya Ketsia namba ishirini na tano, dawa ya malaria, na ile shati ya bleu ulisafiria. Kama imekwisha kufuliwa, uandike ni nani aliifua.