Vidole Ulivyokuwa Ukivisalimia

Mama yangu,

Mvua ya huko kwako Kinyala haijakoma tangu uondoke. Mimi nimerudi Bulyaga kwenye cherehani yangu, kwa ubishi tu, maana mkono wa kushoto bado unanitesa.

Unakumbuka nilivyokuwa nakata mkungu wa ndizi nyuma ya jiko lako, panga likateleza likanipata kwenye kifundo cha mkono? Neva ikashonwa, kidonda kikafunga, lakini gumba na vidole viwili vya jirani vikabaki kama si vyangu. Fundi asiyesikia kitambaa! Nililia hadi ukanigombeza: "Subi, acha, utalowesha vitenge vya watu."

Kliniki tulienda wote. Daktari akatueleza kwamba neva ikikatwa, kipande cha mbele hufa, ila seli zinazoizunguka, zile za glia, hubaki. Huacha kazi yake ya kawaida na kuanza kutengeneza protini za ukuaji, za kuiita neva iote tena mpaka kidoleni. Lakini neva ikichelewa mno, seli hupunguza kuzitengeneza, na hapo matumaini huwa madogo. Mimi nilisikia hilo la kupunguza tu. Wewe ukadakia: "Kumbe kuna wanaoita! Basi na sisi tuite."

Ee mama, ulivyoita! Kila asubuhi ulikishika kidole kimoja kimoja ukakisalimia kwa kikwetu, "Mugonile", kwa heshima zote, utadhani unasalimia wakwe. Kisha unaniambia, "Fumba macho," unaniwekea punje ya hindi, au kifungo, nitambue. Daktari alisema zoezi hilo ni la kuufundisha ubongo. Nikikosea unacheka hadi unakohoa. Siku niliyosema kitunguu saumu ni jiwe, ulimsimulia kila aliyepita barazani. Nilinuna siku nzima. Leo ningetoa chochote unicheke tena.

Kikohozi hicho ndicho kilichokuchukua, na sisi tulikiona cha kawaida. Uliondoka gumba langu likiwa bado limekufa ganzi.

Siku ya kukuzika waliita watoto tutangulie kufukia. Mkono wa kulia nilikuwa nimemshika shangazi, nikachota udongo kwa wa kushoto. Nikasikia baridi. Halafu chengachenga, halafu kamzizi kembamba kwenye ncha ya gumba. Mama, niligeuka kukutafuta! Niligeuka kabisa, mdomo wazi, nikuambie. Shangazi akadhani naanguka, akanikumbatia, na mimi nikashindwa kumweleza.

Tangu siku hiyo gumba linasikia, kidogo kidogo. Viwili bado, na naogopa, sikufichi.

Pumzika sasa, mama, umeita vya kutosha. Nakuahidi sitavikatia tamaa. Siku vikisikia nitapanda Kinyala nije nikuambie kwa sauti, palepale kaburini, majirani waseme watakavyosema.

Binti yako,
Subi