Pete Hainidhuru

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Mimi, dada, nimeolewa nikaoleka! Mume wangu hatoki asubuhi bila kurudi mlangoni kuniaga mara ya pili. Majirani wanatucheka eti tumenata kama ulimbo.

Uliniuliza kazi yake. Kiwandani kwao wanavunja vichujio vya moshi vya magari mabovu na kutoa platini iliyomo. Wanaiyeyusha kwenye asidi kali. Hapo, aliniambia, platini hupoteza elektroni, na maji yanageuka rangi ya machungwa, kama jua linalozama ndani ya chupa. Kisha hutia unga wa zinki, zinki huigawia elektroni zake, na metali hurudi, nyeusi tii. Shuleni mada hiyo ilinishinda. Kwake nimeielewa, maana ananieleza huku amenishika mkono, penye pete yangu, nayo ni ya platini.

Koti lake la kazi lilikuwa likifuliwa kiwandani. Nikakataa katakata. Koti la mume wangu lifuliwe na mashine ya watu, mimi nipo? Akawa analileta, nalikung'uta uani, nalikumbatia kwanza ndipo nalifua. Mafua yakaanza, chafya haziishi. Mama mkwe akashangilia, akasema mjukuu anapiga hodi.

Hakuwa mjukuu, dada. Daktari amesema ni chumvi za platini, zile za kwenye asidi kabla metali haijarudi. Zilikauka kwenye koti zikawa vumbi. Pete hainidhuru, chumvi ndizo adui, na kifua kikishazikataa hakizikubali tena maisha. Sasa koti linabaki kiwandani. Anaoga huko, anaoga tena hapa, na bado akinikumbatia pumzi zinanikata. Anasema ataacha kazi. Kazi aliyoisomea, anayoiota usingizini! Nikimwambia aache, nimemvunja. Nikimwambia abaki, nimempoteza. Mama mkwe hatanii tena.

Ninavyoandika hivi amesimama uani, nywele zinamchuruzika maji, anangoja nimwambie aingie. Namwona dirishani, mzuri ajabu. Nimemwashiria asubiri, namalizia barua. Barua yenyewe imekwisha, dada, na bado nimeishika kalamu.

Mpe mama mkono wangu, na watoto wabusu kwa niaba yangu, sana.

Mdogo wako,
Kicheko