Mto wa Sare ya Msiba

Rehana uko wapi??

Wifi Lusungu kaja kutoka Kiwira na mama mkwe. Kaingia tu sebuleni kwangu, kaanza kucheka. "Pazia la maua, makochi ya drafti, mito ya vitenge vya kila aina! Hii ni nyumba au mnada?"

Mara akapanda kwenye kiti, akalishusha pazia langu. PAZIA LANGU Rehana!! Kwangu!!

Nikavumilia kwa heshima ya mama.

Halafu akauona ule mto wa kitenge cha kijani, ile sare tuliyoshona ukoo mzima kwenye msiba wa baba mkwe. Akapiga ukelele. "Unamkalia baba yetu!"

Eti namkalia baba yao! Mimi, ambaye kwa mila zao za mkwe kumkwepa baba mkwe sikuwahi hata kumtazama mzee usoni! Nilikuwa nikisikia tu kikohozi chake, najificha migombani!

Hapo heshima ikaniisha. Nikamwambia, "Wifi, mimi sare ya baba nimeiweka sebuleni. Ya kwako iko wapi? Si ndiyo lile dekio nililolikuta mlangoni kwako Pasaka?"

Mama mkwe akauchukua ule mto, akaupakata, akaupapasa weee. Kisha akamgeukia binti yake. "Lusungu, panda tena kwenye kiti. Rudisha pazia la mwenzio."

Kalirudisha shoga! Kwa mikono yake!

Na kesho naongeza zulia la mistari.