Joho la Bosi na Tamthilia ya Mwairishi

Al-Malqa, Riyadh

Dada yangu Nafula,

Kifua cha Mama kimepata nafuu? Na goti lako, limekubali kupanda kile kilima cha kanisani? Mimi mwili ni mzima. Mengine yasome peke yako, usimsomee Mama.

Unamkumbuka yule mwandishi wa tamthilia wa Ireland niliyewachosha naye nilipokuwa mwalimu? Watu wa kwao walimzomea kwa kuwaonyesha walivyo, akahamia ugenini, akaendelea kuandika bila kufuta neno. Leo wakubwa wa kwao wanajivunia jina lake. Ndivyo walivyo wakubwa: humpenda msema kweli akishazikwa.

Basi kule Jeddah, kila Ijumaa, madereva wenzangu walikutana chumbani kwangu, nyuma ya nyumba ya bosi. Tukaigiza kwa Kiswahili mchezo wake mmoja, wa bwana ambaye mwishoni watumishi wanamcheka usoni. Barasa, anayepiga pasi nguo za bosi, ndiye aliyekuwa bwana. Unajua tulivyozoea kwenye mashindano ya shule: vazi lazima liwe la kweli. Akaazima joho la bosi, lile la utepe wa dhahabu. Mmoja wetu akarekodi kwa simu, na video ikatembea hadi ikamfikia mwenye joho.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alituleta Riyadh mimi na Barasa, mimi nikiendesha, yeye bosi kiti cha nyuma. Tulipoukaribia mji akaniita ustadhi, kwa mara ya kwanza.

"Ustadhi, mchezo wenu unaishaje?"

"Kwa kicheko, baba."

"Anacheka nani?"

Nikakaza macho barabarani.

"Ijumaa mtaigiza kwangu," akasema. "Ndugu zangu watakuja. Joho nimelibeba."

Ikama zetu, vile vibali vya kuishi huku, anazo yeye. Lango la hapa hufungwa kwa nje.

Barasa ananisihi, "Kata ule mwisho, mwalimu. Mwairishi wako alizomewa tu, akaenda zake akala. Mimi nina watoto." Nikamwambia kiburi cha mabwana tumekilisha sisi kwa kunyamaza. Akasema, "Sawa. Hotuba yako ifungue lango." Hapo alinishinda.

Mwisho haukatwi. Lakini joho nitalivaa mimi, na Barasa atabaki jikoni na kahawa ya wageni. Wakiuliza nani alimvisha kule Jeddah, nitasema ukweli: mimi ndiye niliyetaka vazi la kweli.

Nisalimie mjomba wa dukani na shemeji fundi baiskeli. Mke wa Barasa mwambie mumewe yu salama leo. Simu yangu ikinyamaza Jumamosi, nendeni kwa ajenti aliyetuleta, na msiende wachache.

Kaka yako asiyejua kunyamaza,
Wafula