Bia Yangu Kwenye Unga wa Samaki

Noelene, shika simu. Nina hasira!

Unaikumbuka ile bia niliyopika kwenye banda la gari? Chupa sita tu, za majaribio. Wiki sita nimezilinda kama mboni ya jicho. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonja.

Naingia jikoni, namkuta shemeji Trev anamimina chupa kwenye bakuli la unga. Chupa YANGU!

"Trev, unafanya nini?"

"Nakoroga unga wa kukaangia samaki wa klabuni leo jioni, shem. Bia yako ina mapovu mazuri."

Mapovu! Wiki sita, Noelene, eti mapovu!

Nikamnyang'anya. Lilikuwa limebaki funda moja. Nikalinywa. Mwenzangu, uchungu wake wa mbali, harufu ya maganda ya chungwa… sijawahi kupika bia kama ile.

"Nyingine ziko wapi?"

"Samaki walikuwa wengi, shem."

ZOTE!

Sasa tuko hapa klabuni, mji mzima wa Hobart unajilamba vidole. Wanamwuliza Trev siri ya samaki wake.

Unajua anajibu nini?

"Ni mkono wangu tu."